Mbuzi Akiwa Mfyekaji: Funzo la Baringo kwa Wenye Mashamba



Kila msimu wa mvua unapopita, jamaa wengi wenye mashamba na viwanja katika mwambao wetu hukumbana na taabu ile ile. Ardhi iliyoachwa kwa miezi michache hujaa vichaka. Mfyekaji ana ujira wake, na dawa ya kuulia magugu ina bei yake na madhara yake. Ndipo barazani husikika mtu akisema: kwani hapana mbuzi? Waachieni mbuzi, watamaliza.

Kauli hiyo si ya kubezwa, kwani mbuzi ni mfyekaji hodari. Lakini ni nusu ya maneno, na nusu ya pili tutaipata mbali na bahari, katika Bonde la Ufa, baina ya mji wa Nakuru na ziwa Baringo. Huko mbuzi amejulikana kwa sura tatu: msafishaji wa vichaka, mbebaji wa mbegu za gugu baya, na tena mwenye kudhurika kwa gugu hilo hilo. Mwenye shamba anayeijua sura ya kwanza peke yake yumo katika hatari ya kulipa gharama mara mbili.

Namna mbuzi anavyofanya kazi

Mbuzi si ng'ombe mdogo. Ng'ombe huviringisha nyasi kwa ulimi akazivuta; kondoo huinama akalisha karibu na ardhi. Mbuzi aghalabu hutazama juu. Mdomo wake wa juu ni mwepesi, kwa hiyo huweza kuchagua jani moja moja baina ya miiba. Asipofikia, husimama kwa miguu ya nyuma na kuegemea shina. Mbele ya taya la juu hana meno. Ana ufizi mgumu, na meno manane ya mbele ya taya la chini huukandamiza na kukata. Isitoshe, mate yake na tumbo lake lenye vyumba vinne humwezesha kustahimili ukali uliomo katika majani ya miti mingi, ukali ambao ng'ombe huukimbia.

Mbuzi mzima mwenye uzani wa kilo 30 hula takribani kilo 1 ya chakula kwa siku, tukikipima kikiwa kikavu. Majani mabichi yamejaa maji, kwa hiyo hiyo ni sawa na kilo tatu au nne za majani. Mbuzi kumi, basi, huweza kuondoa kilo 30 hadi 40 za majani mabichi kila siku, bila panga wala petroli, na wakaacha samadi.

Hata hivyo, na tuseme wazi: mbuzi haondoi mti. Hula majani, machipukizi, na wakati mwingine magome. Mzizi huubakisha ardhini. Majani ndiyo jiko la mmea, na mzizi ndiyo ghala. Majani yakiliwa, mmea hutoa akiba ya ghalani ili uchipue tena. Machipukizi hayo yakiliwa kabla hayajakomaa, akiba hupungua zaidi, na baada ya mizunguko kadhaa mmea hudhoofika. Anayewaingiza mbuzi mara moja kisha akaondoka amekinyoa kichaka nywele tu. Faida ipo katika kurejea.

Anayesafiri kutoka Naivasha kupitia Gilgil hadi Nakuru ataona mfano wake kandokando ya njia. Hapo kimeenea kichaka kiitwacho leleshwa, chenye majani ya rangi ya kijivu upande wa chini na harufu iliyo karibu na ya kafuri. Leleshwa ni mzaliwa wa nchi ile, si mgeni, na nyuki na wanyama hunufaika nacho. Lakini kinapojaa malishoni hubana nyasi, na tabia yake ni kuchipua upya kutoka shinani baada ya kukatwa au kuungua. Mwenye kukata na kwenda zake hukuta shina moja limezaa matawi mengi. Katika hali kama hiyo panga na mbuzi ni washirika: panga hutangulia, likashusha kilicho kirefu na kigumu, mbuzi hufuata, akala machipukizi yaliyo mateke, na akarejeshwa kila yanapotokeza.

Nchi nyingine nazo zimeitambua kazi hii. Mwaka 2013 uwanja wa ndege wa O'Hare mjini Chicago uliwaingiza mbuzi pamoja na wanyama wengine ili wasafishe sehemu zenye vichaka ambazo mashine hazifiki kwa wepesi. Nchini Ureno serikali ilianzisha mwaka 2018 mpango wa kuwatumia mbuzi kupunguza vichaka misituni, kwa kuwa vichaka vikikauka ndivyo vinavyolisha mioto ya kiangazi. Kote huko mbuzi hawaachwi hivi hivi. Kuna mchungaji, kuna mpaka, na kuna muda. Penye upungufu wa mambo hayo matatu, hutokea yale tunayotaka kuyasimulia.

Mti ulioletwa kuponya ardhi

Kutoka Nakuru barabara ya kaskazini hupita Mogotio, mahali ambapo mstari wa ikweta huikata nchi, kisha huteremka hadi tambarare za Marigat, mwendo wa kilomita mia moja hivi. Joto huongezeka na mvua hupungua. Hapo ndipo wanapoishi watu wa jamii ya Ilchamus, ambao zamani waliandikwa kwa jina la Njemps. Ni wafugaji, wavuvi wa ziwa Baringo, na wakulima wa kumwagilia maji. Karibu yao ipo skimu ya umwagiliaji ya Perkerra, iliyoanzishwa mwaka 1954.

Tangu zama za ukoloni maafisa wa Baringo walilalamikia mmomonyoko wa udongo, na lawama nyingi ziliangukia mifugo, mbuzi wakiwemo. Ikasemwa kwamba mbuzi ndio waliokula majani hadi ardhi ikabaki uchi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukaja mradi wa upandaji miti wa serikali, ukisaidiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Miti iliyochaguliwa ilikuwamo ya jamii ya prosopisi, asili yake Amerika, ambayo Kenya nzima sasa huijua kwa jina la mathenge.

Waliouleta hawakukusudia shari. Mathenge hustahimili ukame na chumvi ya udongo, hukua upesi, hutoa kuni, nguzo, kivuli na maua ya nyuki. Katika nchi iliyokuwa ikipigwa na vumbi, mti wa namna hiyo ulionekana ni neema. Wala sisi watu wa pwani si wageni kwake: miaka ya 1970 ulitumiwa katika kazi ya kurejesha miti kwenye machimbo ya mawe ya Bamburi, na baadaye ukapandwa katika skimu ya Bura, kaunti ya Tana River, ambako nako umeenea hadi kingo za mto.

Lililosahauliwa ni swali dogo: mbuzi wataufanya nini mti huu, na huu mti utawafanya nini mbuzi?

Jibu lilikuja kinyume cha matarajio. Mfugaji angependa mbuzi ale majani ya gugu na aache mbegu zake. Kwa mathenge, mbuzi huyapuuza majani, ambayo hayana ladha kwake, na hukimbilia maganda ya mbegu, ambayo ni matamu kwa sukari. Maganda hayo huiva na kuanguka hata wakati wa kiangazi, nyasi zinapokuwa zimekwisha. Mbuzi mwenye njaa hujaza tumbo. Mbegu zina gamba gumu. Nyingi hupita tumboni bila kusagika, na safari hiyo hulilainisha gamba na kuzifanya ziwe tayari zaidi kuota. Kisha hutoka zikiwa ndani ya kinyesi, chenye rutuba na unyevu wake. Hakuna mkulima aliyezipanda vizuri zaidi ya hivyo.

Kwa njia hiyo mti ulitembea kwa miguu ya mifugo, kutoka bustanini ulipopandwa hadi zizini, kutoka zizini hadi malishoni, na kutoka malishoni hadi kwenye mito. Wanyama wa porini na maji ya mafuriko yakasaidia. Katika maeneo kama Ng'ambo, Salabani na Loboi, mahali palipokuwa pa nyasi paligeuka vichaka vya miiba visivyopitika. Mashamba yakavamiwa, njia za kuendea majini zikafungwa, na nyumba nyingine zikazungukwa.

Mbuzi mbele ya majaji

Madhara hayakuishia ardhini. Sukari ya maganda hunata kwenye meno, na mbuzi waliokula maganda mengi kwa muda mrefu walianza kuoza meno na kuyapoteza. Pamoja na hayo, maganda yakiwa ndiyo chakula kikuu, sumu iliyomo huathiri mishipa ya fahamu inayoendesha taya; kule Brazili maradhi haya ya mifugo hujulikana kwa jina lenye maana ya uso uliopinda. Mbuzi asiye na meno, au asiyeweza kutafuna, hana njia ya kuishi. Hawezi kucheua, hunyong'onyea, na hufa njaa huku amesimama kwenye malisho. Miiba nayo hupenya kwato na miguu ya wanyama, hali kadhalika ya watu.

Tuyatafakari haya kwa jicho la mwenye familia. Kwa mfugaji wa Baringo, mbuzi ndiye ada ya shule, ndiye maziwa ya mtoto, ndiye mahari, na ndiye dawa ya mgonjwa. Mbuzi akifa meno yake yakiwa yameoza, nyumba nzima imepungukiwa.

Ndipo wakazi wa jamii ya Ilchamus walipokwenda Mahakama Kuu mjini Nairobi, katika kesi waliyoifungua mwaka 2006 dhidi ya serikali, wakidai kwamba mti ulioletwa kwa jina la maendeleo umewaharibia maisha. Miongoni mwa vielelezo walileta mbuzi asiye na meno. Magazeti yaliiandika habari hiyo, na wako waliocheka. Lakini lau wangekuja na maneno matupu, nani angeamini kwamba mti unaweza kumng'oa mbuzi meno? Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliutangaza mathenge kuwa gugu haribifu.

Mas-ala ya zamani

Suala la mifugo na mashamba ni la kale, nalo limetajwa katika Qur'ani Tukufu, Sura ya Al-Anbiyaa, katika kisa cha Nabii Daud na Nabii Suleiman, amani iwe juu yao. Mifugo ya watu iliingia usiku katika shamba la wengine ikaliharibu. Wafasiri wameeleza kwamba Nabii Daud alihukumu wenye shamba wapewe mifugo ile. Nabii Suleiman akaona njia nyingine: wenye shamba wakae na mifugo wakinufaika kwa maziwa, sufu na wazao wake, na wenye mifugo walitengeneze shamba mpaka lirejee kama lilivyokuwa, kisha kila mmoja arudishiwe chake.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii wakaeleza kwamba kwa kawaida wenye mashamba huyalinda mchana na wenye mifugo huilinda mifugo yao usiku, na kwamba aliye pamoja na mnyama huwajibika kwa kinachoharibiwa naye. Anayewakodi mbuzi au kuwaazima ili wafyeke na akumbuke haya. Minazi michanga ya jirani, mihogo yake na migomba yake si vichaka, na mbuzi hawezi kusoma hati ya ardhi.

Huko Baringo mambo yaligeuka. Si mifugo iliyoharibu shamba. Ni kilichopandwa ndicho kilichoharibu mifugo. Hata hivyo njia aliyoiona Nabii Suleiman inafaa kuzingatiwa hapo pia: adhabu peke yake haitoshi, ni lazima kilichoharibika kitengenezwe.

Wanavyotengeneza sasa

Watu wa Marigat hawakukaa wakisubiri. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, ijulikanayo kama KEFRI, ina kituo huko, na imewafundisha wakazi njia za kuudhibiti mti na kuutumia. Mti hukatwa chini ya usawa wa ardhi, pale shina linapokutana na mzizi, kwa kuwa ukikatwa juu huchipua kwa wingi. Mbao na matawi hufanywa makaa na nguzo, hivyo gharama ya kuukata hurudi. Mahali palipofunguliwa hupandwa nyasi, kwani ardhi iliyoachwa tupu hurudi kwa mathenge mvua ya kwanza.

Maganda nayo huokotwa, hukaushwa na kusagwa mashineni. Kwa kusagwa, mbegu huvunjika na haziwezi tena kuota. Na unga wake, ukichanganywa na vyakula vingine ili usiwe ndio chakula chote, huwa lishe nzuri wakati wa ukame. Hapa mbuzi amerudishwa upande wa wenye kusaidia. Kila kilo ya maganda inayosagwa ni mbegu nyingi zisizofika malishoni, na mfugo umeshiba bila kupoteza meno.

Jirani na hapo, katika kaunti ya Laikipia, wafugaji wana mtihani unaofanana na huo kutokana na mpungate wa kigeni. Matunda yake yana vimiiba vidogo vinavyochoma midomo na matumbo ya mbuzi, na wanyama wanaoyala huzieneza mbegu. Kwa mpungate huo wataalamu wametumia mdudu mdogo anayefyonza maji ya mmea huo. Kila gugu lina adui wake, na si kila gugu adui wake ni mbuzi.

Masharti ya kumkabidhi mbuzi shamba

Kutokana na hayo, tunawapendekezea wasomaji wetu masharti machache, iwe shamba liko Kilifi, Kwale, Lamu, au bara.

Kwanza, ujue kilichoota. Tembea shambani pamoja na mtu anayeijua mimea. Iwapo pana lantana, ile yenye vishada vya maua madogo ya rangi mchanganyiko, usiwategemee mbuzi kuimaliza. Majani yake hudhuru ini la mifugo, na huifanya ngozi iungue kwa jua. Iwapo pana mathenge, ung'oe miche ingali michanga.

Pili, angalia wakati. Waingize mbuzi mmea ukiwa na majani mateke na kabla haujazaa mbegu. Iwapo mbegu zimeshakomaa, tanguliza mikono ya watu, ziokotwe au zikatwe, ndipo mifugo iingie.

Tatu, ziwe nyingi mbuzi kwa muda mfupi, katika sehemu ndogo iliyozungushiwa ua, kisha wahamishwe. Mbuzi wachache katika shamba kubwa huchagua vitamu na kuacha vikali, na vikali ndivyo vinavyobaki kutawala. Asiye na ua atumie kamba na kuihamisha kila siku. Wahenga wetu walishasema kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Basi urefu huo aupime mwenye shamba, si mbuzi.

Nne, miti unayoitaka ikingwe kabla. Mbuzi humenya gome la mwembe mchanga au mkorosho kwa dakika chache, na mti uliomenywa gome kuzunguka shina lote hufa.

Tano, kabla ya kuwahamisha kutoka mahali penye mbegu mbaya kwenda mahali safi, wafungie zizini kwa siku nne au tano ukiwalisha majani mengine, ili zile zilizomo tumboni zitoke zizini. Samadi ya zizi hilo isipelekwe shambani ovyo, na miche itakayoota hapo ing'olewe. Vivyo hivyo kwa mbuzi wanaonunuliwa kutoka maeneo ya mathenge, yakiwemo ya Baringo na Tana River.

Sita, mbuzi anayefanya kazi ana haki zake. Apate maji safi, kivuli, na jicho la mchungaji. Asilazimishwe kula sumu kwa kunyimwa chakula kingine. Mbuzi wengi hudhurika na mimea mibaya kwa sababu ya njaa. Aliyeshiba nusu huchagua. Mwenye njaa hubugia.

Saba, panga marejeo. Andika tarehe mbuzi walipotoka, kagua shamba machipukizi yanapotokea, na uwarudishe tena yangali mateke. Pia panda kitu mahali palipofunguka: nyasi za malisho, kunde au mihogo, kulingana na ardhi.

Anayeyatimiza haya atapata ardhi safi, samadi, na mbuzi walionenepa. Asiyeweza kuyatimiza, ni bora atoe ujira kwa mfyekaji mwenye panga, kijana wa mtaa wake mwenye haja ya riziki, kuliko kuyafungulia mambo asiyoweza kuyafunga. Watu wa Ng'ambo na Salabani wamelipa gharama kubwa kulijua hilo kwa vitendo, ilhali sisi tunalipata kwa kusoma. Kabla ya kufungua lango la shamba, basi, tuiname kwanza tutazame ni mbegu gani zilizoanguka chini.

Wallahu aalam, wabillahi tawfiq.